Musa, Muuse na Moses: Jina Moja, Njia Tatu

Katika orodha ya mahudhurio ya darasa la chuo kikuu hapa Garissa, si ajabu kuwakuta Moses, Musa na Muse katika ukurasa mmoja. Msomaji wa haraka atawagawa watatu hao makundi kabla hajaziona nyuso zao: huyu ni Mkristo wa bara, huyu Mwislamu wa pwani, na huyu Msomali. Huenda mgawo huo ukawa sahihi. Hata hivyo, jina wanaloitikia ni moja. Limetoka katika Kiebrania, likapita njia tofauti, likafika katika darasa moja kwa tahajia tatu.

Makala haya yanadhamiria kutetea hoja moja. Majina ya kale ya Kiebrania yanayotumika Kaskazini Mashariki mwa Kenya hayatofautiani kwa chimbuko. Yanatofautiana kwa njia yaliyopitia. Tofauti hizo zina kanuni ambazo mwanafunzi yeyote wa fonolojia anaweza kuzieleza. Tena, miongoni mwa lugha zinazosikika hapa, Kiswahili ndicho kilichoyapokea kwa wingi kupitia njia zote mbili kuu, ya Kiarabu na ya Kiyunani. Kwa hiyo sisi tunaokisoma na kukifundisha Kiswahili tuna wajibu ambao hatujautekeleza.

Kwa nini jambo hili lijadiliwe Garissa? Kwa sababu hapa jina halijawahi kuwa sauti tupu. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao katika basi lililotoka Mandera, wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 washambulizi waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakapoteza maisha. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, aliyejeruhiwa siku hiyo, alifariki Januari 2016. Mahali palipopitia hayo, watu hulisikiliza jina kwa makini mno. Linasikilizwa ili kujua mtu ni wa upande gani. Isimu haiwezi kuzuia risasi, wala haidai hivyo. Inachoweza ni kuonyesha kwamba mpaka tunaodhani umechorwa na majina hayo haumo ndani ya majina yenyewe.

Njia mbili kuu

Tuanze na safari. Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria nchini Misri walianza kuvitafsiri vitabu vyao vitakatifu katika Kiyunani. Kiyunani hakikuwa na sauti ya sh, wala sauti nzito za kooni ambazo Kiebrania kinazo kwa wingi. Isitoshe, nomino za kiume za Kiyunani zilipenda kuishia kwa s. Basi Moshe akawa Moyses, Yeshua akawa Iesous, Yohanan akawa Ioannes, Yona akawa Ionas, na Eliyahu akawa Elias. Maumbo hayo yaliingia katika Kilatini, kisha katika lugha za Ulaya, na kila lugha ikaongeza lake. Kiingereza kilipokea kutoka Kifaransa mtindo wa kuitamka herufi J kama tunavyotamka j ya jambo, ilhali Kilatini kiliitamka kama y. Ndipo Yosef wa Kiebrania akawa Joseph, na Ioannes akawa John.

Njia ya pili ilipita nyikani. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania katika jamii ya lugha za Kisemiti, na baina ya ndugu hao kuna ulinganifu wa sauti unaojulikana. Palipo na sh katika Kiebrania, aghalabu Kiarabu kina s: shalom kwa salam, Moshe kwa Musa, Shlomo kwa Sulayman, Yishmael kwa Ismail. Palipo na g, Kiarabu kina j: Gavriel kwa Jibril. Maumbo haya ndiyo yaliyowafikia watu wa pwani ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika pamoja na Uislamu, karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kutia nanga Mombasa. Ipo pia njia ya tatu, ya Kihabeshi, iliyowapa majirani zetu wa Ethiopia majina kama Dawit, Yohannes na Iyasu, lakini hiyo haikuacha alama kubwa katika Kiswahili.

Kiswahili chenye milango miwili

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Kitabu cha Mwanzo kilikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza za tafsiri, na sura tatu za mwanzo za kitabu hicho zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Baadaye Askofu Edward Steere wa Unguja na wenzake waliendeleza kazi ya kuitafsiri Biblia, mpaka ikapatikana tafsiri ya muungano iliyokamilika mwaka 1952 na kuenea Kenya na Tanzania. Watafsiri hao wote walikabiliwa na swali moja: je, manabii waitwe kwa majina ambayo Waswahili walikuwa nayo tayari, au kwa majina mapya?

Walijibu kwa kufuata njia ya katikati, na jibu lao limehifadhiwa katika kurasa za Biblia ya Kiswahili hadi leo. Waliwaacha Adamu, Hawa, Habili, Nuhu, Ibrahimu, Hajiri, Lutu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani na Ayubu katika umbo la Kiarabu. Waliwaingiza Isaka, Yakobo, Yoshua, Sauli, Eliya, Yona, Yohana, Gabrieli na Yesu kwa maumbo yaliyotoka upande wa Kiebrania au Kiyunani, ingawa Waislamu walikuwa na Is-haka, Yakubu, Taluti, Ilyasi, Yunusi, Yahya, Jibrili na Isa. Na wale ambao hawakutajwa kwa majina katika Kurani, kama Samweli, Isaya, Yeremia na Paulo, hawakuwa na budi kuingia kwa mlango mpya.

Matokeo yake ni ya kuvutia. Kaini na Habili ni ndugu wa tumbo moja, lakini katika Biblia ya Kiswahili mmoja ana jina la Kiebrania na mwingine la Kiarabu. Katika Mwanzo 17 Abramu anabadilishiwa jina na kuitwa Ibrahimu. Katika Kiebrania badiliko lenyewe ni dogo, Avram kuwa Avraham. Katika Kiswahili badiliko ni kubwa zaidi, kwa kuwa mzee huyo anaingia kwa mlango wa Kiebrania na kutoka kwa mlango wa Kiarabu.

Lakini jambo lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni hili. Kila Jumapili, Mkristo wa Kenya aitwaye Moses, aketipo kanisani na kusikiliza masomo ya Kiswahili, husikia habari za Musa. Solomon husikia habari za Sulemani, Job habari za Ayubu, na Eve habari za Hawa. Wote hukubali bila mashaka kuwa hao ndio wenye majina yao. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimekwisha kuwafundisha Wakristo wa nchi hii kuyatambua majina yao katika umbo ambalo jirani zao Waislamu wanaitwa. Funzo hilo limetolewa kimyakimya kwa zaidi ya miaka mia moja. Letu lilikuwa kulisema kwa sauti.

Isitoshe, kuna mahali ambapo Kiswahili kimehifadhi umoja uliopotea kwingine. Katika Kiingereza mzee wa kale ni Jacob, na mtume wa Agano Jipya ni James, kama kwamba hayo ni majina mawili. Yote mawili yametokana na Ya'akov wa Kiebrania; James ni umbo lililopinda katika Kilatini cha baadaye na Kifaransa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili haoni mpasuko huo. Mzee ni Yakobo, na mtume ni Yakobo.

Kanuni ya irabu ya mwisho

Wapo wanaodhani kwamba irabu tunazoongeza mwishoni mwa majina ni madoido tu ya ulimi wa Kiswahili. Sivyo. Kiswahili hupendelea silabi wazi, na jina linaloishia kwa konsonanti hutafutiwa irabu. Irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Tuyatazame majina yanayoishia kwa sauti za midomo: Ibrahimu, Adamu, Mariamu, Yusufu, Ayubu, Yakubu. Yote yamepewa u. Sasa tuyatazame yanayoishia kwa sauti za ufizi: Daudi, Haruni, Sulemani, Danieli, Ismaili, Yunusi. Yote yamepewa i. Kanuni ni ileile iliyotupa kitabu, adhabu, salamu na elimu kwa upande mmoja, na sultani, halali na asili kwa upande wa pili. Midomo inayofumbana au kukaribiana huvuta irabu ya midomo, na ncha ya ulimi huvuta irabu ya mbele. Wachache waliosalia, kama Nuhu, Isaka, Henoko na Yakobo, hurudia irabu iliyotangulia.

Mwalimu wa fonolojia hahitaji mifano ya kubuni. Orodha ya majina ya wanafunzi wake inatosha kufundishia somo zima la utohozi, na wanafunzi watalikumbuka kwa sababu ni majina yao wenyewe.

Hata kistari kidogo kina hadithi. Tunaandika Is-haka kwa sababu katika tahajia yetu s na h zikikaribiana huwa sauti moja, ile ya shamba. Kistari kinamzuia msomaji asitamke Ishaka. Jina hilo katika Kiebrania ni Yitzhak, na h yake ni nzito, hutoka kooni. Kiswahili hakina h hiyo ila kwa wachache waliosoma Kiarabu. Ndiyo maana Hawa, mama wa wanadamu, huandikwa na kutamkwa kwetu sawasawa na hawa yenye maana ya matamanio, ilhali katika Kiarabu maneno hayo mawili huanza kwa sauti mbili tofauti.

Kilichohifadhiwa na Kisomali

Hapa ndipo Garissa inapotoa mchango ambao Nairobi na Dar es Salaam haziwezi kuutoa kwa urahisi. Lugha ya Kisomali ni ya tawi la Kikushi katika jamii pana ya Kiafro-Asia, jamii ambamo Kiebrania na Kiarabu pia wamo. Ni binamu wa mbali, lakini koo zao zinafanana. Msomali aliposikia majina haya kutoka kwa Waarabu, hakuwa na haja ya kuzitupa sauti ambazo Myunani na Mswahili walizitupa.

Tahajia rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini ilitangazwa nchini Somalia tarehe 21 Oktoba 1972. Miongoni mwa wanazuoni walioitumikia taaluma ya kuiandika lugha hiyo ni Muuse Xaaji Ismaaciil Galaal, mtu ambaye jina lake mwenyewe limebeba Moshe na Yishmael. Katika tahajia hiyo, c ni ile sauti ya kooni ambayo Waarabu huiita ayni, x ni h nzito, na q ni k ya nyuma ya kinywa. Sasa tulinganishe. Kiebrania Yitzhak, Kisomali Isxaaq: h nzito ipo, na k ya nyuma ipo. Kiebrania Ya'akov, ambayo k yake ilikuwa ya nyuma na konsonanti yake ya mwisho ilikuwa b hapo kale, Kisomali Yacquub: ayni ipo, k ya nyuma ipo, b ipo. Yishmael ni Ismaaciil, mama Hawa ni Xaawo, Nuhu ni Nuux. Hata katika Israeli ya leo wasemaji wengi wa Kiebrania hawatofautishi tena baadhi ya sauti hizo. Mchungaji wa ngamia wa Modogashe anazitofautisha kila amwitapo mwanawe.

Kisomali nacho kina kanuni zake. Hakiruhusu m mwishoni mwa neno, kwa hiyo Adam wa Kiarabu akawa Aadan, na Maryam akawa Maryan. Hakina z, kwa hiyo Zakariya akawa Sakariye. Sulayman ana umbo la Saleebaan. Mwanafunzi wa isimu atafurahi kuona jinsi lugha mbili jirani zilivyoitatua shida moja. Kiswahili na Kisomali zote zilishindwa na m ya mwisho ya Adam. Kiswahili kikaongeza irabu na kusema Adamu. Kisomali kikabadilisha konsonanti na kusema Aadan. Ugonjwa mmoja, dawa mbili.

Na kwa kuwa majina ya Wasomali wa Kenya yaliandikwa kwa mazoea ya Kiingereza tangu enzi ya ukoloni, kabla ya tahajia ya 1972 kuwapo, Aadan akawa Aden au Adan. Wakenya wengi wanaolitaja jina la Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa Garissa Mjini na kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa kuanzia 2013 hadi 2020, huenda wakadhani kwamba jina lake la kwanza linatokana na bandari ya Aden nchini Yemeni. La hasha. Aden ni Adamu, jina la mtu wa kwanza katika Biblia, na ni jina lilelile la maelfu ya Wakenya waitwao Adam.

Asili safi iko wapi?

Zipo hoja mbili zinazopinga msimamo huu, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema kwamba umbo moja tu ndilo sahihi, na mengine ni upotoshaji. Wako Wakristo wanaotaka kurudi kwenye matamshi ya Kiebrania wakiamini kuwa ndiyo matakatifu. Wako Waislamu wanaoliona umbo la Kiarabu kuwa ndilo asili na la kanisani kuwa limeharibika. Ushahidi wa lugha hauungi mkono upande wowote. Katika jina la Musa, umbo la Kiarabu liko karibu zaidi na Moshe kuliko Moses, ambalo bado limebeba s ya Kiyunani. Lakini katika majina ya Eliya na Yona mambo yanageuka. Umbo la Biblia ya Kiswahili ndilo lililo karibu na Eliyahu na Yona wa Kiebrania, na Ilyasi na Yunusi ndiyo yaliyobeba s ya Kiyunani, kwa sababu yalipita kwa Wakristo wa Mashariki kabla ya kukifikia Kiarabu. Yeyote ajivuniaye usafi atajikuta ana s ya Myunani mfukoni mwake.

Fauka ya haya, Kiebrania chenyewe hakikuwa chemchemi isiyochafuka. Katika kitabu cha Hesabu, Hoshea anabadilishiwa jina na kuitwa Yoshua. Jina hilo refu, Yehoshua, lilifupishwa baadaye kuwa Yeshua, nalo ndilo lililozaa Yesu. Na Moshe je? Kitabu cha Kutoka kinalihusisha jina hilo na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kutoa au kuopoa majini, lakini wanazuoni wengi hulinasibisha na neno la Kimisri cha kale lenye maana ya kuzaliwa, lile lililomo katika majina ya mafarao kama Thutmose. Ikiwa ndivyo, basi Musa alikuwa jina la mkopo hata katika Kiebrania. Tukilifuata jina hadi kisimani, tunakuta kisima hicho nacho kilijazwa maji ya mto mwingine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husema kwamba kumlinganisha Isa na Yesu, au Yahya na Yohana, ni kuchanganya dini. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Swali la jina ni la wanaisimu. Swali la imani ni la wanatheolojia na masheikh. Mwislamu na Mkristo wanaamini mambo tofauti kuhusu mwana wa Mariamu, na makala haya hayana nia ya kuufuta ukweli huo. Hata kwa upande wa sauti, wataalamu hawajaafikiana ni vipi ayni iliyo mwishoni mwa Yeshua ilikuja kuwa mwanzoni mwa Isa katika Kiarabu. Tunachosema ni kwamba watu wawili wanaweza kutofautiana kuhusu mtu huku wakikubaliana ni mtu yupi wanayemzungumzia. Bila makubaliano hayo hata mjadala hauwezekani.

Jina linapofika ofisini

Suala hili halikomei darasani. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao wengi hapa watautambua. Mama anamwita mwanawe Isxaaq. Karani wa kliniki anaandika Isaack. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyezaliwa bara, anaandika Isaac kwa kuwa ndilo analolijua. Mwalimu wa madrasa anaandika Is-haq. Cheti cha mtihani kinatoka na Issack. Kijana anapofika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho, anajikuta ana karatasi nne zenye watu wanne, na yeye ni mmoja. Anatakiwa aape mbele ya wakili, alipe, asubiri, aeleze. Aliyetoka kambi za Dadaab au aliyesoma Mogadishu ana shida ya ziada. Cali husomwa kama kali, Ciise husomwa kama Siise, na x ya Xaawo humshinda karani kabisa.

Katika sehemu nyingine za nchi hili lingekuwa kero tu. Kaskazini Mashariki limekuwa na uzito zaidi, kwa sababu ya historia. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipitishwa katika zoezi maalumu la upekuzi ili kuthibitisha uraia wao, na kwa miongo iliyofuata kijana wa hapa alihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa kwingine alikipata bila mahojiano. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kukomeshwa kwa upekuzi huo. Ni hatua iliyosubiriwa kwa muda mrefu. Lakini tangazo halirekebishi tahajia. Karatasi nne za kijana wetu bado zina majina manne, na afisa mwenye shaka bado anaweza kuiita tofauti ya herufi moja udanganyifu. Maarifa ya lugha yangemwambia kwamba Isaack, Issack na Is-haq ni jina moja lililosikiwa na masikio tofauti.

Wajibu wetu

Tufanye nini basi? Kwanza, majina yaingie katika ufundishaji wetu wa fonolojia na historia ya Kiswahili. Kamusi zetu nyingi huziacha nje nomino za pekee, na mitaala huzitaja kwa kupita. Mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuwahi kuulizwa kwa nini ni Daudi na si Daudu. Garissa, Wajir, Mandera, na ng'ambo ya Mto Tana ambako Wapokomo wa juu wengi ni Waislamu na wa chini wengi ni Wakristo, ni maabara iliyo wazi. Tasnifu za shahada ya kwanza zinaweza kukusanya maumbo ya jina moja kutoka msikiti, kanisa, soko na rejista ya shule, kwa idhini ya wenyewe.

Pili, tutofautishe jina la mtu aliye hai na jina la mtu wa vitabuni. Moses aliyeketi darasani aitwe Moses, na Muuse aitwe Muuse. Hakuna mwenye mamlaka ya kumtafsiria mtu jina lake. Karani na mwalimu wamwulize mwenyewe au mzazi wake jina linaandikwaje, waliandike hivyo, na waliofuata walinakili bila kulisahihisha. Lakini tuandikapo Kiswahili kuhusu nabii, tusimwite Moses wala mke wa Adamu tusimwite Eve. Lugha yetu ina Musa na Hawa. Kuyaacha hayo na kuchukua maumbo ya Kiingereza ni kuuvunja ule udugu ambao watafsiri wa zamani waliuacha mlangoni petu.

Tatu, chama hiki kinaweza kuandaa jedwali la majina katika Kiswahili, Kisomali kwa tahajia rasmi, Kisomali kwa tahajia ya Kenya, Kiingereza na Kiebrania, na kulipeleka katika shule na ofisi za usajili za kaunti hizi tatu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wachache wenye masikio makini, wakiwamo wasemaji wa Kisomali, ambao mara nyingi huketi nyuma katika madarasa yetu ya Kiswahili wakidhani lugha yao haina la kuchangia. Katika somo hili wao ndio walimu.

Kiswahili kinamwita mtu binadamu, yaani mwana wa Adamu, kutokana na Kiarabu. Kisomali kinasema bini'aadan. Kiebrania kinasema ben adam, na katika lugha hiyo adam ni mtu, na adama ni udongo. Katika lugha zote tatu, hatuwezi kumtaja mtu, awe Moses, Musa au Muuse, bila kumtaja kwanza baba wa wote. Tulio na neno hilo vinywani kila siku tuna kila sababu ya kulifundisha.